Rudia Kwanza Alichosema

Askari wa Kongo hapigi kura. Sheria ya uchaguzi ya Machi 2006 inawatenga watu wa jeshi na polisi walio kazini, na katiba ya mwaka huohuo, katika ibara ya 188, inasema jeshi halina siasa na liko chini ya mamlaka ya raia. Atakayeligeuza kuwa lake ni mhaini. Sipingi. Lakini maana yake ni kwamba mtu anaweza kuipigania nchi ujana wake wote bila kuulizwa hata mara moja nani aiongoze. Siku anapovua magwanda anabwagiwa haki zote kwa mkupuo: kuchagua, kuchaguliwa, kusema, kupinga. Hakuna anayemwonyesha namna ya kuzitumia.

Mimi nilipata kadi yangu ya kwanza ya mpiga kura nikikaribia miaka 30, hapa Likasi, kabla ya uchaguzi wa Julai 2006. Mke wangu alinicheka kwa jinsi nilivyoishika, kama karatasi ya ruhusa, tayari kumwonyesha mkubwa yeyote atakayeidai. Siku ya kura nilikuta wagombea urais 33 kwenye karatasi. Nilizoea kupewa jina moja.

Niseme nimetoka wapi, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Baba yangu alikuwa jandarme wa Katanga, katika jeshi la Moïse Tshombe. Septemba 1961 alikuwa hapahapa, mji ukiitwa bado Jadotville, walipowazingira askari wa Ayalandi wa Umoja wa Mataifa mpaka wakaishiwa maji na risasi, wakajisalimisha. Mwaka 2016 ilitoka sinema juu ya mapigano hayo. Kijana wangu aliitazama kwenye simu akaniuliza babu yuko wapi. Nikamwambia awatazame wale wanaoanguka bila kusema neno. Katanga ya kujitenga ilikwisha Januari 1963. Wengi wakavuka kwenda Angola, wakarudi Tshombe alipokuwa waziri mkuu, wakaasi, wakavuka tena. Huko ndiko nilikozaliwa, mwaka 1976, upande wa Lunda, kati ya watu walioitwa Tigre. Machi 1977 waliingia Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, chini ya Nathanaël Mbumba wakarudishwa nyuma; Mei 1978 wakaingia tena wakaiteka Kolwezi, wakarudishwa nyuma. Nikakua nikiipenda nchi ambayo sikuwahi kuikanyaga.

Niliikanyaga 1997, Tigre waliposafirishwa kwa ndege kutoka Angola kumsaidia Laurent-Désiré Kabila kumwondoa Mobutu. Baba alibaki, alikuwa amechoka. Mimi nilikuwa mtu wa redio. Nilikuwa mtu wa redio pia Pweto, Desemba 2000, mji ulipoanguka na jeshi letu likakimbilia Zambia, na juu ya siku hizo sina la kuongeza. Vita vilipokwisha ikaja brasaji, kuchanganywa kwa majeshi yote yaliyokuwa yakipigana. Swali lilikuwa moja: jeshi au uraia? Nikachagua uraia. Aliyechagua uraia alipewa dola 110 za kuanzia, kisha dola 25 kila mwezi kwa mwaka mmoja. Hizo zilikuwa za kula. Ya kukuwezesha kubishana na jirani yako bila kutafuta fimbo hayakuwamo.

Nikaja Likasi kwa sababu shangazi alikuwa na nyumba Kikula. Mji huu umejaa watu kama mimi. Kuna wazee wa FAZ, jeshi la Mobutu, ambao wamezeeka wakisubiri mafao. Kuna waliokuwa kadogo, askari watoto, wa 1997 na sasa wana wajukuu. Kuna walioshuka kutoka Mitwaba, waliokuwa wanamgambo wa Mai-Mai katika ile sehemu ya kaskazini iliyoitwa pembetatu ya mauti. Mchana wengine huchimba Kamatanda, wengine hulinda maghala ya Wachina na Walebanoni, wengine huendesha pikipiki. Jioni wanakutana kwa mama anayeuza munkoyo, na kabla kikombe cha pili hakijakwisha mtu ameshauliza nani ni mwenyeji wa Katanga na nani ni mgeni. Kutoka hapo mazungumzo yalikuwa yanajulikana: sauti inapanda, mmoja anasimama, wa pili anasimama, mama wa munkoyo anaondoa vikombe.

Sisi askari wa zamani tunasemwa kwamba hatujui kuzungumza, tunajua kuamuru tu. Kwa muda mrefu nililiamini hilo, tena kwa fahari kidogo. Aliyelivunja ni mwalimu mstaafu wa historia, jirani wa huyo mama wa munkoyo, aliyechoka na kelele zetu. Alitukalisha katika chumba cha parokia Jumamosi moja alasiri akauliza: “Ninyi papa, jeshini mkipewa ujumbe kwa redio mnafanya nini kwanza?”

Wote wakanitazama. Nikajibu kwamba unaurudisha. Unamrudishia aliyeutuma, neno kwa neno, mpaka aseme ndio, umepokea sawa. Kabla ya hapo hutembei hata hatua moja, kwa sababu ukisikia “mashariki” mahali aliposema “magharibi” watu watakufa.

“Basi,” akasema, “hapa hakuna mtu atakayejibu hoja kabla hajairudisha, na mwenye hoja akakubali kwamba imepokewa.”

Ndiyo kanuni yetu mpaka leo, na ndiyo iliyonigeuza. Sikupewa mafunzo mengine ya maana. Niliwahi kukaa katika semina za amani, zenye kofia na fulana na soda ya baridi, ambako mtu wa mbali alituambia tupendane. Mwalimu hakutuambia tupendane. Alichukua kitu tulichokuwa tunakijua vizuri kuliko raia, akakihamishia mahali pengine. Raia huwa hasikilizi. Anangoja zamu yake. Askari wa redio amezoea kusikiliza kama mtu ambaye uhai wake uko katika maneno ya mwingine.

Kulikuwa na masharti mengine madogo. Cheo kinabaki nje: hakuna mukubwa, hakuna komanda, wote ni papa, mama au yaya. Kapteni mmoja wa zamani alikataa, akakaa nyumbani muda mrefu, kisha akarudi kimyakimya. Simu hairekodi. Fulana ya chama haivaliwi ndani, ingawa kila mtu anajua mwenzake ni wa nani. Ukikasirika unaweza kutoka, lakini mkutano unaofuata unaanza na wewe.

Jaribio lenyewe lilikuja tulipofika 1992.

Msomaji asiye wa huku anahitaji maelezo mafupi. Wakasai wengi waliletwa Katanga tangu wakati wa Wabelgiji, kampuni ya Union Minière ilipotafuta wafanyakazi wa migodi na reli. Watoto wao walizaliwa hapa, wakasoma, wakapanda vyeo. Wenyeji wengi wakaona kazi nzuri zinakwenda kwa wengine katika ardhi yao. Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Kitaifa kule Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, Mkasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguza Karl-i-Bond, Mkatanga. Gavana wa Shaba alikuwa Gabriel Kyungu wa Kumwanza, wa chama cha Nguza, UFERI. Vijana wa chama waliingia mitaani. Katika wiki na miezi iliyofuata makumi ya maelfu ya Wakasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Walipiga kambi katika stesheni yetu na katika shule, wakisubiri treni za kuwapeleka Kasai, nchi ambayo wengi wao hawakuijua.

Sisi tulikuwa Angola. Habari iliyotufikia ilikuwa kwamba ndugu zetu wamejikomboa.

Katika kikundi chetu kuna mzee mmoja wa FAZ, mzaliwa wa Likasi, ukoo wake ni wa Mwene-Ditu. Mwaka 1992 alikuwa kambini mbali na hapa. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya migodi ya Gécamines pale Shituru kwa muda mrefu. Alitusimulia bila kupandisha sauti: jinsi wazazi walivyotoka na magodoro na sufuria, jinsi baba alivyomkabidhi jirani ufunguo wa nyumba, jinsi walivyolala stesheni chini ya maturubai mvua zikaanza na treni haziji, jinsi mtoto wa dada yake alivyokufa kwa kuhara pale pale kwenye jukwaa. Walipofika Mwene-Ditu watu wa kule waliwacheka kwa Kiluba chao chenye Kiswahili ndani.

Ikawa zamu yangu kurudisha. Nilirudisha kila kitu, nafikiri kwa heshima. Mzee akatikisa kichwa. “Hujapokea sawa, papa. Umemwacha jirani.”

Sikuelewa. Akasema: “Nilisema baba alimpa jirani ufunguo. Yule jirani alikuwa Mluba wa Katanga. Vijana walipokuja kuchukua nyumba aliwaambia amekwisha kuichukua yeye. Alihamishia watoto wake mle walale, isije ikaingiwa. Kiti cha baba yangu tulikikuta. Rudia na yeye.”

Nikarudia na yeye. Naweza kusema kwamba tangu siku ile sijaweza tena kuisikia siasa ya mwenyeji na mgeni bila kumtafuta huyo mtu katika hadithi. Katika hotuba hayumo. Anayechochea hamtaji kwa sababu anaharibu hesabu, na anayelia naye mara nyingi humsahau. Aliyenilazimisha kumkumbuka ni mtu aliyekuwa na haki kuliko wote ya kumsahau.

Kisha ikawa zamu yangu ya kutoa hoja. Nikaeleza mambo ya nyumbani kwetu: kwamba FAZ walipoirudisha nchi ya Walunda mikononi mwao baada ya vita vya 1977 waliadhibu vijiji, na maelfu kwa maelfu ya raia wakavuka mpaka kuja Angola, kwamba mama yangu aliwapokea watu waliofika bila viatu, kwamba mtoto wa Katanga alilelewa akiambiwa shaba ni yake lakini ofisi si yake. Mzee wa FAZ alisikiliza. Mwaka 1978 alikuwa Kolwezi, upande wa pili wa bunduki za wajomba zangu. Akairudisha hoja yangu yote, mpaka kwa wale wasio na viatu. Nilipokubali kwamba amepokea sawa akaongeza, kwa sauti yake mwenyewe, kwamba vijiji vile aliviona. Hakusema zaidi na hatukumdai.

Hatukukubaliana, na hatukubaliani hata sasa. Yeye anaamini Tshisekedi mtoto ameiheshimisha Kasai; mimi nina maoni mengine. Lakini mabishano yetu sasa yana vitu ndani yake, yana majina ya barabara na bei na tarehe, badala ya “ninyi” na “sisi”.

Hapo mwalimu wa historia, ambaye kwa kawaida hasemi sana, alituwekea jambo mezani. Mwaka 2016 chama cha Kyungu, UNAFEC, kilikaa katika muungano mmoja wa upinzani na UDPS ya Étienne Tshisekedi. Juni 2019 Rais Félix Tshisekedi, mtoto wa Étienne, alimteua Kyungu kuwa mwenyekiti wa bodi ya SNCC, yaani shirika la reli. Reli ileile. Kyungu alifariki Luanda Agosti 2021, na rambirambi zikatoka pande zote. Mei 2022, katika mkutano wa maridhiano ya Wakatanga ulioitishwa na Askofu Mkuu Fulgence Muteba huko Lubumbashi, Joseph Kabila, rais wa zamani, na Moïse Katumbi, hasimu wake, walishikana mikono. “Wakubwa wamepatana bila ninyi,” mwalimu akasema. “Mnaendelea kupigana kwa ajili ya nani?”

Sisemi wakubwa wasipatane. Ila wao hupatana kwa makubaliano ya viti, na viti havifiki Kikula. Sisi ilitubidi tupatane kwa njia ndefu.

Faida ya jambo hili nje ya chumba cha parokia niliiona kwanza kwenye transfoma. Ya mtaa wetu iliungua, tukawa gizani, na ikabidi michango. Wenye nyumba wakasema wapangaji ndio wanaotumia umeme. Wapangaji wakasema transfoma ni mali inayobaki. Miaka ya nyuma ningesimama katikati, nikataja kiasi na siku ya mwisho, na watu wangelipa kwa sababu ya sauti. Safari hii nilimwomba mwenye nyumba mmoja aeleze hoja ya wapangaji mpaka wapangaji waseme ndiyo hiyo. Alikosea mara mbili, watu wakacheka, akapatia. Mpangaji naye akafanya vivyo hivyo. Ilichukua alasiri nzima. Umeme ulirudi, na baadaye mtaa ukapeleka jina langu komuni niwe shefu wa avenue, kazi ambayo haina mshahara wa kusema na ina matusi ya kutosha.

Uchaguzi unapokaribia tunatafutwa kwa sababu nyingine. Wagombea hupenda askari wa zamani: tunajua kusimama wima, tunatisha, tunakula kidogo. Kazi inaitwa ulinzi, lakini mara nyingi ni kuwasumbua watu wa fulana nyingine. Ibara ya 190 ya katiba inakataza mtu yeyote kuunda kikundi cha kijeshi au wanamgambo, na kijana anayepewa posho ya kutisha mkutano wa mwenzake hajui yuko karibu kiasi gani na ibara hiyo. Mwaka 2023 mgombea mmoja alikuja kututaka. Tukamwambia kwetu kuna desturi: eleza kwanza anachosema mpinzani wako, kwa namna ambayo mtu wake aliye humu atakubali. Alifikiri ni mzaha. Alijaribu, akaishia kwenye kejeli ya kwanza, akajaribu tena. Yaya mmoja, aliyekuwa muuguzi wa jeshi na ni mfuasi wa huyo mpinzani, akamwambia bado. Mara ya tatu aliangalia saa akaaga. Hakuna aliyekwenda kumlinda, ingawa posho ilikuwa nzuri na Desemba ni mwezi mgumu.

Kuna jambo linalonikera na sitaki kulifunika. Tunasema tunawaandaa askari wa zamani wawe viongozi wa raia, lakini mlango wa kuingilia ni mwembamba. Uchaguzi wa Desemba 2023 ulikuwa wa kwanza kuchagua madiwani wa komuni chini ya katiba hii, lakini ulifanyika katika komuni za miji mikuu ya mikoa tu. Lubumbashi walichagua. Likasi, yenye komuni nne, Kikula, Likasi, Panda na Shituru, haikuchagua, kwa kuwa si mji mkuu wa mkoa. Mabagamesta wetu bado wanateuliwa kutoka juu. Mtu wa hapa anayetaka kuongoza anaweza kugombea ubunge, unaodai fedha asizokuwa nazo, au kukaa kwenye avenue kama mimi. Uganda wamechukua njia nyingine kabisa, jeshi lina viti 10 bungeni. Sitamani hiyo, mwenye bunduki akiketi bungeni, sijui nani atathubutu kumwambia “hujapokea sawa”. Ninachotaka ni kura ya komuni hapa Likasi, ambapo kapteni wetu wa zamani, yule aliyekataa kuacha cheo nje, angeomba kura kwa mama wa munkoyo na pengine akazikosa.

Wajane nao wamekuja. Walikuwa wanapika bukari na sombe tulipokuwa na mikutano mirefu, mpaka mmoja akauliza kwa nini wanaopika hawana hoja. Sasa wanazo, na tunapika kwa zamu. Mwanaume wa Mitwaba aliyekaa msituni miaka kadhaa anapika samaki vizuri kuliko wote, jambo ambalo halimfurahishi mke wake.

Mabishano ya sasa ni ya katiba. Tangu Oktoba 2024, Rais alipotangaza kule Kisangani kwamba ataunda tume ya kuipitia upya, mtaa umegawanyika tena, na mgawanyiko unafuata ile mistari ya zamani: wengi wa Kasai wanataka ibadilishwe, wengi wa Katanga hawataki, na kila upande unamwona mwenzake anasema kwa ukabila. Mimi ni wa wasiotaka, kwa sababu ya ibara ya 220, inayosema idadi na muda wa mihula ya rais haviguswi. Mwalimu ameamua kwamba Jumamosi ijayo mimi ndiye nitakayewatetea wanaotaka ibadilishwe, na mzee wa FAZ ataitetea ibara ya 220. Hoja ninazo mbili zinazosimama: kwamba katiba iliandikwa nchi ikitoka vitani, na kwamba yako mambo ndani yake, hasa ya mikoa na fedha zake, ambayo hayajawahi kutekelezwa. Ya tatu inanishinda. Jana nilipita kwa mzee wa FAZ kumwomba anisaidie. Alinisalimu “moyo” kama desturi yao, akaniletea kiti, akataka kwanza nimweleze kwa nini mimi siitaki.